Kando ya Mto Ouse: Kanisa, Maua na Nahodha wa Watumwa

Asubuhi hii nawaomba mfuatane nami mbali kidogo, hata Uingereza, tukatembee pamoja kando ya mto. Si matembezi ya kuchosha. Mto wenyewe waitwa Ouse, na jina hilo hutamkwa karibu sawa na neno letu "uzi". Ni mto wa nchi tambarare. Hauna maporomoko, hauna mamba, wala haungurumi kama Tana wakati wa mafuriko. Huenda polepole ukijipinda huku na huku katika malisho ya ng'ombe, kana kwamba haujui uendako, na mwishowe hufika baharini upande wa mashariki.

Mji tunaoutaka unaitwa Olney. Uko kaskazini ya London, mwendo wa kama kilomita 90. Mtu akija kutoka upande wa kusini huvuka daraja, na hapo hapo, mkono wa kulia, huliona kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo, limesimama karibu kabisa na maji. Ni kanisa la mawe, la karne ya 14, lenye mnara mrefu uliochongoka unaofikia futi 185 hivi. Wakati lilipojengwa, hapa kwetu misikiti ya Gedi ilikuwa na watu wake na visima vyake. Nasema hivyo ili tupate kipimo cha miaka.

Nilipata nafasi ya kupita njia hiyo zamani kidogo, nilipokuwa masomoni, nami naikumbuka kwa maua yake zaidi ya yote. Wakati wa mwisho wa masika ya Ulaya, malisho yale ya kando ya mto hujaa maua ambayo hakuna mtu aliyeyapanda. Yako madogo ya manjano yanayong'aa kama yamepakwa siagi. Yako meupe yaliyokusanyika kichwani pa mti wake kama mwavuli. Yako ya samawati, madogo kuliko punje ya mtama, yaliyojificha penye unyevu. Na majini, palipotulia, yapo mayungiyungi, yale yale ambayo wenzetu wa pwani na wa ziwani huyaona, ila ya kule mengi ni ya manjano. Ng'ombe wanakula. Kengele inalia. Mtu asiyejua historia ya mahali pale angesema, hapa ndipo mahali pasipojua dhambi.

Lakini katika pembe ya uwanja wa kanisa lile liko kaburi moja la mawe mazito. Amelala humo kasisi aliyeitwa John Newton, pamoja na Mary mkewe. Maneno yaliyochorwa juu yake aliyatunga mwenyewe kabla hajafa, nayo hayamsifu. Yanasema kwamba hapo kwanza alikuwa mtu asiyeamini na mfuasi wa anasa, mtumishi wa watumwa katika Afrika, na kwamba kwa rehema ya Bwana alihifadhiwa, akarudishwa, akasamehewa, akawekwa kuihubiri imani ile ile aliyoshughulika zamani kuiangamiza. Nimesoma makaburi mengi ya makasisi. Mengi husema habari za upole wa marehemu na elimu yake.

Newton ndiye aliyetunga wimbo ule wa neema ya ajabu, ambao Wakristo wa mataifa mengi huuimba, na ambao hata watu wasioingia kanisani huujua. Kisa chake huhubiriwa sana. Nimekisikia katika mikutano ya Injili, katika mazishi, na katika makongamano ya vijana, na mara nyingi husimuliwa hivi: Newton alikuwa nahodha wa merikebu ya watumwa, dhoruba ikainuka, akamlilia Mungu, akawafungua watumwa papo hapo, akaketi akaandika wimbo. Ni mahubiri matamu, ndugu zangu, ila si kweli. Na kweli yenyewe ni ngumu kuliko hayo, tena yatugusa sisi Waafrika kwa karibu sana. Basi na tuitazame taratibu tukiwa tunatembea.

Newton alizaliwa London mwaka 1725. Mama yake, mwanamke mcha Mungu, alimfundisha Maandiko, akafa mtoto hajatimiza miaka saba. Baba alikuwa mtu wa bahari. Kijana akakua akawa baharia mwenye kinywa kichafu hata mabaharia wenzake walishangaa, na hilo si jambo dogo. Mwaka 1744 alishikwa kwa nguvu akatiwa katika jeshi la majini la Mfalme, akatoroka, akakamatwa, akachapwa mbele ya wote. Baadaye alihamishiwa merikebu ya biashara iliyokwenda Afrika Magharibi, akaachwa huko katika visiwa vya Plantain, karibu na pwani ya Sierra Leone, akimtumikia Mwingereza mmoja mfanya biashara ya watumwa. Bwana huyo alikuwa na mke Mwafrika, mwanamke wa ukoo mkubwa, ambaye hakumpenda kijana yule. Newton alipougua alinyimwa hata maji ya kutosha. Walioonewa huruma na Mungu ili wamwonee huruma yeye walikuwa ni watumwa wenyewe: wengine waliofungwa minyororo walimletea kwa siri sehemu ya chakula chao kidogo. Habari hii aliiandika yeye mwenyewe. Mkumbuke neno hilo, wasikilizaji, kwa maana tutalirudia.

Aliokolewa na merikebu iliyoitwa Greyhound. Tarehe 21 Machi 1748, kwa hesabu ya kalenda ya leo, merikebu hiyo ilipatwa na dhoruba kuu katika Bahari ya Atlantiki, upande mmoja ukapasuka. Haikuwa na watumwa ndani. Ilibeba nta, magogo ya kutengenezea rangi, dhahabu na pembe za ndovu, na inasemekana ile nta na yale magogo, kwa kuwa ni vitu vyepesi, ndivyo vilivyosaidia isizame. Newton alipiga bomba za kutoa maji mpaka mikono ikakataa, kisha akaushika usukani saa nyingi. Hapo ndipo alipojisikia akisema, pasipo kufikiri, kwamba Bwana awarehemu. Na akastaajabu, maana lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo kutoka kinywani mwake kwa miaka mingi. Tarehe 8 Aprili waliingia bandari ya Ireland, chakula cha mwisho kikiwa chunguni. Siku ile ya dhoruba aliishika kila mwaka kwa sala mpaka uzee wake.

Sasa, je, alifanya nini baada ya kuokoka?

Alikwenda kununua watu. Mwaka ule ule wa 1748 alisafiri akiwa msaidizi wa nahodha katika merikebu ya watumwa. Mwaka 1750 akaoa, na mwaka huo huo akapewa unahodha. Alifanya safari tatu akiwa nahodha kati ya mwaka 1750 na 1754, akichukua watu wa Afrika Magharibi na kuwapeleka visiwa vya Karibi kuuzwa. Siku ya Jumapili aliwakusanya mabaharia wake akawasomea ibada mara mbili, kwa kitabu cha sala, kile kile tulichorithi sisi Waanglikana. Chini ya mbao alizokanyaga wakati wa kusoma, walikuwamo watu waliofungwa wawili wawili, wamelazwa safu juu ya safu, na nafasi ni ndogo hata mtu asiweze kugeuka bila kumwumiza mwenzake. Katika daftari yake ya safari ameandika pia jinsi alivyowatesa vijana kadhaa kwa chuma cha kubana vidole gumba, ili wakiri habari za njama ya kuasi.

Na jioni, katika chumba chake, alisoma Biblia na kumwandikia mkewe barua za mapenzi.

Wako watakaosema: basi hakuwa ameokoka. Hilo ni jibu la haraka, nami silipendi. Ni rahisi mno kumfukuza Newton katika ushirika wetu ili sisi tubaki salama. Yeye mwenyewe baadaye alisema kwamba hawezi kuhesabu ile siku ya dhoruba kuwa mwisho wa safari yake, ila mwanzo tu. Ya kwamba kwa muda mrefu hakuwa mwamini kwa maana kamili ya neno hilo. Hata hivyo aliomba, na aliomba kwa kweli. Jambo la kutisha ni kwamba dhamiri yake haikumshtaki. Biashara ile ilikuwa halali kwa sheria za nchi, waungwana waliifanya, wazee wa makanisa waliweka fedha zao ndani yake, bandari ya Liverpool ilijengwa kwa faida yake. Hakuna aliyemwambia kuwa ni dhambi. Alichowahi kulalamika wakati ule ni kuwa kazi ya kulinda watu waliofungwa haikumpendeza, akamwomba Mungu ampe kazi nyingine. Naye Mungu alimjibu kwa njia ya ugonjwa: mwaka 1754, akijitayarisha kwa safari ya nne, alianguka kifafa ghafula, na waganga wakamkataza bahari. Akapata kazi ya ukaguzi wa forodha katika bandari ya Liverpool.

Kutoka hapo tunaweza kurudi Olney. Newton aliomba kuwekewa mikono miaka kadhaa, akakataliwa, hana digrii, tena anashirikiana mno na wale watu wa uamsho. Mwishowe Askofu wa Lincoln alimkubali mwaka 1764, akaletwa katika mji huu wa mtoni akiwa na umri wa karibu miaka 39, kwa mshahara wa pauni 60 kwa mwaka.

Ulikuwa mji maskini. Wanawake na watoto wake walifuma vitambaa vya kimia, vile vyembamba vyenye matundu vya kupamba nguo za matajiri. Kazi hiyo hufanywa juu ya mto (mto wa kuegemea, si mto wa maji), kwa pini nyingi na vijiti vidogo vya kukunjia uzi. Walikaa wameinama tangu asubuhi hata giza, wengi wakaharibika macho na vifua. Newton aliwazoea. Alizunguka nyumba zao akiwa amevaa koti lake la zamani la ubaharia badala ya mavazi ya kikasisi. Tajiri mmoja Mkristo, John Thornton, alimpa pauni 200 kila mwaka ili afungue mlango wake kwa wahitaji. Watu wakazidi katika kanisa lile hata ikabidi kujengwa roshani ndani yake mwaka 1765 wapate pa kukaa.

(Kwa njia, mji huo bado una desturi moja ya kuchekesha. Siku ya Jumanne kabla ya Kwaresima, akina mama hushindana mbio kutoka sokoni mpaka kanisani, kila mmoja na kikaango mkononi chenye chapati laini. Wenyeji husema ilianza mwaka 1445, wakati mama mmoja aliposikia kengele ya kanisa akatoka mbio na kikaango chake. Mama zetu hawana haja ya kufundishwa mbio za namna hiyo. Kila Jumapili asubuhi wanazijua.)

Mwaka 1767 akaja mtu mwingine kukaa Olney, naye ndiye hasa mwenye mto ule na maua yale. Jina lake William Cowper, mshairi. Huyu alikuwa na maradhi ya huzuni. Alimpoteza mama yake akiwa na miaka sita. Mwaka 1763 alijaribu kujiua, akatunzwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, na huko akamwona Kristo katika Maandiko akatulia. Alihamia Olney ili awe karibu na Newton. Nyuma ya nyumba zao palikuwa na shamba la miti ya matunda la mtu mwingine, wakamlipa gini moja kwa mwaka ili wapite humo kwenda na kurudi badala ya kuzunguka barabarani. Wawili hao walitembea sana, na watu wa mji wakazoea kuwaona: mmoja baharia mzee mwenye sauti kubwa, mwingine mtu mwoga mwenye macho ya upole.

Walikubaliana kutunga nyimbo kwa ajili ya mikutano ya sala ya wafuma kimia. Si kwa ajili ya makanisa makubwa, wala kwa kuchapwa, bali kwa watu wale wasiosoma sana, washike kwa kichwa. Tarehe 1 Januari 1773 Newton alihubiri kutoka Mambo ya Nyakati wa Kwanza, mlango wa 17, mistari ya 16 na 17, pale mfalme Daudi anapoketi mbele za Bwana na kustaajabu yeye ni nani hata afikishwe hapo alipofika. Wimbo wa neema ya ajabu ndio uliotungwa kwa ibada ile. Kwa hiyo tangu dhoruba mpaka wimbo ilipita karibu miaka 25. Hata sauti yake tunayoijua leo haikuwapo. Iliunganishwa nao Marekani mwaka 1835. Na ubeti ule unaotaja miaka elfu kumi, ambao wengi huupenda kuliko zote, Newton hakuuandika.

Usiku uliofuata ibada ile, au karibu yake, Cowper aliangukiwa tena na giza. Alisadiki kwamba Mungu amemkataa, yeye peke yake katika watu wote. Hakuna aliyeweza kumwondolea wazo hilo mpaka kufa kwake mwaka 1800. Hakurudi tena kwenye ibada za kanisa lile lenye mnara, ingawa aliliona kila siku. Newton alimchukua nyumbani kwake akakaa naye zaidi ya mwaka mmoja. Hakumtangaza mimbarini. Hakumwambia kuwa imani yake ni haba. Alitembea naye, akampa bustani ya kulima. Katika shirika zetu wako watu kama Cowper, nasi mara nyingi tunawakimbilia kwa maneno mengi na mafuta ya kupaka kabla hatujatembea nao hata nusu maili.

Cowper alifuga sungura watatu ndani ya nyumba, akawa anatazama miti, ndege na maji. Mashairi yake ya baadaye yamejaa mto Ouse. Aliandika shairi la huzuni juu ya miti mirefu ya kando ya mto iliyokatwa yote, mahali alipozoea kukaa kivulini. Na mwaka 1788, baada ya kuhamia kijiji cha jirani kiitwacho Weston Underwood, alikuwa akitembea mtoni na mbwa wake Beau. Akaona yungiyungi zuri majini, akajaribu kulivuta kwa fimbo asilifikie, akaendelea na njia yake. Waliporudi pale pale, mbwa akajitupa majini, akaling'ata lile ua, akaliweka miguuni pa bwana wake. Mshairi akaandika shairi juu ya jambo hilo, naye akaona haya kwamba mnyama amemfundisha utii.

Mwaka huo huo wa yungiyungi, 1788, lilitokea jambo la pili, na hilo ndilo kiini cha habari yetu.

Newton wakati huo alikuwa London. Alihama Olney mwaka 1780, mwaka mmoja baada ya zile nyimbo zao, 348, kuchapwa kitabu. Alipewa kanisa la St Mary Woolnoth katikati ya mji mkuu. Huko, Desemba 1785, alimjia kwa siri kijana mmoja mbunge, umri wake miaka 26, jina lake William Wilberforce. Kijana yule alikuwa amemwamini Kristo kwa moto mpya, akataka kuacha siasa. Alizunguka uwanja wa mbele ya nyumba kwa woga kabla ya kubisha hodi. Newton alimshauri abaki bungeni, amtumikie Mungu pale pale. Wakati Wilberforce na wenzake walipoanza kuishambulia biashara ya watumwa, walihitaji shahidi. Wengi walijua hoja. Wachache sana walijua harufu ya chumba cha chini cha merikebu.

Basi yule mzee, mwenye miaka 62, akaandika kijitabu juu ya biashara ya watumwa wa Afrika. Alianza kwa kukiri kwamba ungamo lake limechelewa, na kwamba itamfedhehesha daima kukumbuka kuwa yeye alikuwa chombo cha kazi hiyo ambayo sasa moyo wake wote waitetemekea. Ndipo akaeleza yote aliyoyaona na kuyafanya. Alieleza jinsi watu walivyopangwa kama vitabu vya rafuni, na jinsi mabaharia walivyowatendea wanawake. Kijitabu kilipelekwa kwa wabunge, naye akaenda mwenyewe kutoa ushahidi mbele ya kamati za serikali na za Bunge. Cowper naye, katika giza lake, akatunga mashairi ya kumtetea mtumwa Mwafrika, yakachapwa nakala nyingi na kuenezwa.

Hesabuni, wasikilizaji. Aliacha bahari mwaka 1754. Alisema hadharani mwaka 1788. Ni miaka 34. Katika miaka 16 ya Olney alipanda mimbari ya kanisa lile la mtoni kila juma, akahubiri neema kwa machozi, akawatunza maskini na wagonjwa wa akili, na wakati huo wote merikebu ziliendelea kuondoka Liverpool. Katika ukuta wa chumba chake cha darini, alipotayarishia mahubiri, alikuwa ameandikisha maneno ya Kumbukumbu la Torati 15:15, yanayomwagiza Mwisraeli akumbuke kwamba alikuwa mtumwa Misri na Bwana akamkomboa. Aliyasoma kila siku. Alijifikiria yeye mwenyewe kule visiwa vya Plantain, mtumishi wa watumwa. Lakini wale watumwa waliompa chakula chao akiwa mgonjwa, nao walikuwa nani katika mstari ule? Nadhani hilo ndilo swali lililokuwa likimngoja ukutani miaka yote ile. Mistari ya kabla ya huo yazungumza juu ya kumwacha mtumwa aende huru, tena asiende mikono mitupu. Mtu anaweza kuandika andiko kwa rangi juu ya meko yake, asisome lililo jirani yake.

Tena sitaki tumhukumu kama watu waliosimama ng'ambo. Kanisa letu la Kenya limeimba wimbo wake huku kina dada wadogo wakitumikishwa katika nyumba zetu za Kikristo tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, kwa ujira usiofaa kutajwa, au bila ujira. Nao huombewa kabla ya chakula wanachokipika na wasichokila mezani. Jambo hili ni halali kwa desturi, waungwana hulifanya, wazee wa kanisa hulifanya.

Sheria ya kukomesha biashara ya watumwa katika milki ya Waingereza ilipita Machi 1807. Newton aliipata habari hiyo akiwa karibu kipofu, na tarehe 21 Desemba mwaka huo akafariki. Alizikwa London chini ya kanisa lake. Mwaka 1893, mifupa iliyokuwa chini ya kanisa hilo ilipoondolewa, yeye na Mary waliletwa Olney, wakalazwa kwenye ile pembe karibu na mto.

Lakini uzi huu haukukatika pale. Newton alikuwa mmoja wa walioanzisha, mwaka 1783, chama kidogo cha makasisi wa London waliokutana kuzungumza mambo ya Injili. Kutokana na mazungumzo ya chama hicho ilizaliwa, tarehe 12 Aprili 1799, Church Missionary Society, ile CMS yetu. Na CMS ndiyo iliyomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, akamzika hapo mkewe Rosina na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, na mwaka 1846, pamoja na Johannes Rebmann, akaanza kazi Rabai.

Walikuta biashara ile ile. Wakati Uingereza ilipojisifu kwa kuikomesha Atlantiki, huku kwetu ilikuwa inazidi, mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yakidai watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Miaka miwili baadaye CMS ilianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, makao ya watu waliokombolewa majahazini. Wengi wenu mmepita Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Freretown, iliyolia kuwaonya watu wajifiche wakati washika watumwa walipokaribia. Nayo ni kengele ya kanisa. Sikuacha kuifikiria niliposikia ile ya Olney juu ya malisho yenye maua.

Mmoja wa wahudumu wa siku zile alikuwa William Henry Jones. Alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa, akasomeshwa India katika shule ya CMS karibu na Nasik, akaja pwani yetu mwaka 1864. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimwekea mikono kuwa shemasi, yeye na Ishmael Semler, mtumwa wa zamani kama yeye. Hao walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuwekewa mikono katika Kanisa letu huku pwani. Huko Rabai watumwa waliotoroka mashambani walikimbilia misheni wakajenga vibanda vyao. Mwaka 1888 wenye kudai kuwa ni mabwana zao walikuja kuwataka. Wamisionari wengine wa Ulaya walisitasita: sheria ya nchi ilikuwa upande wa mabwana, na amani ya misheni ilikuwa hatarini. Watoro hawakurudishwa. Fidia ililipwa, na Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati za uhuru wao.

Utumwa wenyewe haukufutwa katika sheria za pwani yetu hata mwaka 1907, miaka 100 baada ya Newton kuzikwa.

Wakati wetu umekwisha, wasikilizaji. Mungu akipenda, juma lijalo nitawasimulia zaidi juu ya Jones na safari yake pamoja na Askofu Hannington, na jinsi alivyourudisha msafara ule nyumbani. Kwaherini.